Mwenye Gunia Hachomi Bambo

Bambo ni kipande cha chuma kilichochongoka mbele, chenye mfuo katikati kama bomba lililopasuliwa. Ukilichoma kwenye gunia, nyuzi hujitenga bila kukatika, punje huteremka kwenye mfuo, na ukilichomoa unabaki na kiganja cha mchele au maharage kutoka tumboni mwa gunia, mahali ambapo jicho halikufika. Kisha unalipitisha juu ya tundu mara mbili tatu, nyuzi zinarudiana, na gunia linakuwa kama halijaguswa.

Mara ya mwisho kuliona lilikuwa mkononi mwa mzee mmoja mwenye duka la nafaka upande wa Kariakoo, hatua chache baada ya kuvuka Mtaa wa Lumumba ukitokea Mnazi Mmoja. Alikuwa akipokea mzigo wa maharage. Alichoma gunia moja chini, jingine ubavuni, jingine karibu na mshono. Kila mara alimwaga punje kiganjani, akapuliza vumbi, akatafuna moja. Baada ya kiganja cha tano akawaambia wapagazi neno moja tu: "Shusheni." Magunia arobaini yakaingia ndani kwa ushahidi wa viganja vitano.

Kijana aliyekuwa pembeni yangu, anayenunua maharage kwa sado kila wiki, hakujua chuma kile kinaitwaje. Kamusi zinalijua neno, vyuo vikuu havilitumii. Huko, alichofanya yule mzee kina jina refu: kutoa hitimisho kuhusu umma kwa kutumia sampuli nasibu. Nimelibeba jina hilo mfukoni kwa miezi kadhaa nikipita kata ya Mchafukoge, nikiligeuza neno baada ya neno kama mteja anayegeuza kitambaa dukani. Kila neno nimelikuta na mgogoro wake.

Tuanze na sampuli. Ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili hadi tukasahau lilikotoka. Dukani bado lina maana yake ya kwanza, kipande cha kuonyesha mzigo ulivyo. Mtaani limehama. Ukimwambia mtu "nyie watu wa sampuli hiyo," hujamsifu. Unamwambia kwamba yeye ni wa aina fulani, na aina yenyewe unaijua. Kipande cha kitu kimegeuka kuwa jina la kitu chote.

Wala si mara ya kwanza. Neno namna lilitoka Uajemi, na huko namuna ni kielelezo. Wagujarati, ambao mababu zao walifungua maduka Uhindini, eneo ambalo leo Mchafukoge ni sehemu yake, wanalo hilohilo kwa sura ya namuno. Ni kitambaa kidogo unachopewa ukakionyeshe nyumbani kabla ya kurudi kununua jora. Sisi tulilichukua neno, kitambaa tukakiacha kaunta, tukabaki na "namna gani?" Mara mbili Kiswahili kimeazima jina la kipande, na mara mbili kimelifanya jina la aina. Sidhani ni ajali. Binadamu akionyeshwa kimoja hupenda kuamini kwamba ameona vyote.

Hata methali tunaipinda ifuate njia hiyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Anayenunua samaki pale Feri anajua kwamba methali hiyo ni ya tenga moja: waliolala pamoja, wakagusana, wakaambukizana. Haizungumzii samaki wa mashua nyingine. Lakini sisi tukikutana na fundi mmoja mwongo, basi mafundi wote wameoza, na methali tunaigonga mhuri. Kuambukizana ni jambo moja, na kuwakilisha ni jambo jingine. Sampuli lina haja ya maana hiyo ya pili, ndiyo maana nalipenda zaidi linapotamkwa na mwenye duka kuliko linapotamkwa na mwenye hasira.

Sasa umma. Mtaalamu wa takwimu anataka neno moja la kutaja wote anaotaka kuwajua, wawe watu, magunia, balbu au kuku. Idadi ya watu haifai, maana hiyo ni namba, si watu wenyewe. Umma limekaa sana ofisini na kwenye majukwaa, na huwezi kusema umma wa maharage bila kuchekwa. Jamii inakaribia, lakini jamii ya maharage ni ukoo wa mimea, pamoja na kunde na choroko. Halaiki ni neno zuri, asili yake ni viumbe vyote, ila kwa Mtanzania halaiki ni watoto uwanjani siku ya sherehe, wamevaa rangi za bendera.

Kariakoo wana neno lao: mzigo. Mzigo umeingia, mzigo umekwama bandarini, mzigo umeisha. Mzigo ni wote kwa pamoja, uliouona na usiouona, na una mpaka: ulianza kwenye kontena hili ukaishia kwenye kontena hili. Kwa bidhaa sijapata istilahi bora. Kwa watu nasita, tena hapa kuliko popote. Kariakoo ni jina lililotokana na Kiingereza cha kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo. Watu walibebeshwa mizigo hadi mtaa ukaitwa kwa kazi yao. Kuwaita wajukuu zao mzigo, hata kwa nia njema ya kisayansi, ni kurudia kosa.

Kwa hiyo nakubali kwa watu tuseme umma, kwa bidhaa tuseme mzigo, mradi tuchukue kutoka kwenye mzigo ule sifa yake ya kuwa na mpaka. Mpaka huo si jambo dogo. Sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ikapata watu 61,741,120 Tanzania nzima, na kati yao Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Sasa simama Mnazi Mmoja saa nne asubuhi, uulize maswali wapita njia hamsini. Huyu amelala Mbagala, yule Gongo la Mboto, yule mwenye begi la magurudumu ameingia jana kutoka Lubumbashi kufuata nguo, na yule mama anarudi Comoro kesho. Wenye kulala Mchafukoge wako juu ghorofani wanakunywa chai. Umeuliza watu hamsini, lakini hamsini wa nani? Ukiandika "maoni ya wakazi wa Mchafukoge," umechoma gunia moja ukaandika jina la jingine.

Na jina la Mchafukoge lenyewe linanichekesha kila nikifika hapa. Ukilichana unapata mchafu na koge, yaani mchafu akaoge. Pengine aliyeambiwa alikuwa mtu mmoja, siku moja. Kata nzima imerithi. Hiyo nayo ni sampuli.

Neno linalonikera zaidi ni nasibu. Kwa Waarabu nasibu ni fungu, sehemu uliyogawiwa. Kwetu imeoana na bahati na kuzaa bahati nasibu, tiketi ya kukwangua na ndoto ya gari. Matokeo yake, mtafiti akisema kaya zilichaguliwa kwa nasibu, msikilizaji anasikia kwamba walibahatisha. Nimemsikia jirani akilalamika kwenye ngazi, baada ya wadadisi wa utafiti kugonga mlango wa pili na kuupita wake: "Wamewaacha watu wanaojua mambo, wamemhoji kijana wa juzi. Kazi ya kubahatisha hiyo."

Ni kinyume kabisa. Kubahatisha ni pale mdadisi anapogonga mlango uliopakwa rangi vizuri, au anapoukwepa ule wenye mbwa. Nasibu ni kumfunga mikono asichague. Utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 unaonyesha jinsi mikono inavyofungwa. Nchi ilikuwa tayari imegawanywa na sensa iliyotangulia katika maeneo madogo ya kuhesabia. Yakachaguliwa maeneo 629, mijini na vijijini. Katika kila eneo kaya ziliorodheshwa, kisha zikachaguliwa 26. Mdadisi akikuta mlango umefungwa hana ruhusa ya kuhamia kwa jirani mcheshi. Atarudi, na atarudi tena. Kaya zilizohojiwa hatimaye ni 15,705, na kutoka humo ndiko ilikotoka ile habari kwamba mwanamke wa Tanzania anatarajiwa kuzaa watoto 4.8. Hakuna mama aliyezaa nane ya kumi ya mtoto, lakini hakuna pia aliyechaguliwa kwa sababu ya ucheshi wake.

Kazi ya nidhamu namna hiyo haistahili jina la tiketi ya kukwangua. Na jina bora tunalo, tena la siku nyingi: kura. Asili yake ni ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza haikuwa kumchagua mbunge. Ilikuwa vijiti au vikaratasi vinavyotupwa ili jambo liamuliwe bila mkono wa mtu. Maana hiyo haijafa. Waulize akina mama wanaocheza upatu nyuma ya maduka ya vitenge. Siku ya kwanza ya mchezo namba zinaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa kwenye bakuli, bakuli linatikiswa. Anayepata namba ya mwisho atanuna kidogo, lakini hatasema amedhulumiwa. Wala hatamwambia kijumbe kwamba amebahatisha. Kura imepigwa, basi.

Ningependa tuseme sampuli ya kura. Najua nitaambiwa kwamba kura sasa ni ya sanduku na kidole chenye wino. Sawa, lakini tazama kinachoziunganisha kura hizo mbili: kila mtu ana kikaratasi kimoja, cha tajiri hakina uzito kuliko cha mchuuzi. Jirani yangu wa ngazini angeambiwa, "Mzee, kura haikukuangukia," angekuwa na la kusikitikia, lakini si la kulalamikia.

Bakuli lakini lazima litikiswe, na mji hautikisiki. Mpishi akionja mchuzi bila kukoroga, ameonja mafuta yaliyoelea. Kwenye tenga la nyanya zile nyekundu ngumu hupangwa juu, na kila mnunuzi anajua za chini zikoje. Gunia la lumbesa lina kichwa kilichoshonewa juu ya mdomo wake, na kilichomo kichwani si lazima kiwe ndicho kilichomo miguuni. Dar es Salaam nayo ilipangwa hivyohivyo na wakoloni: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi uwatenganishe. Mtafiti wa wakati ule ambaye hakuvuka Mnazi Mmoja angeweza kuhoji watu elfu kumi na asijue mji anaoukalia.

Dawa yake wataalamu wanaiita sampuli ya matabaka. Hapa naivulia kofia istilahi yetu, maana tabaka ni safu ya udongo na ni daraja la watu vilevile. Unapiga kura ndani ya kila safu peke yake, ili isiwepo itakayosahaulika. Ndicho alichokuwa akifanya yule mzee: chini, ubavuni, karibu na mshono.

Je, viganja vitano vinatosha? Swali hilo lilimsumbua mtu aliyekuwa na punje mbele yake kama mzee wetu. William Sealy Gosset alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akipima shayiri na vilivyotengenezwa nayo. Vipimo alivyoweza kuvipata vilikuwa vichache mno kwa hesabu za enzi zake. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kujua ni kiasi gani cha kuamini sampuli ndogo, akatia sahihi ya "Student," yaani mwanafunzi. Jina la unyenyekevu kwa kazi ya unyenyekevu.

Jibu lililokuja baadaye bado linawashangaza wengi. Ukihoji watu 1,000 waliopatikana kwa kura ya kweli, jibu lako huwa halipotei zaidi ya asilimia 3 hivi juu au chini, kwa mara 95 kati ya 100. Ukihoji 2,400, idadi ambayo watafiti wa maoni wa Afrobarometer hutumia Tanzania, unashuka kwenye 2 hivi. Ukitaka kupunguza mwanya kwa nusu, lazima uzidishe watu mara nne. Na ukubwa wa nchi hauingii sana kwenye hesabu. Kiganja kinachotosha gunia lililochanganywa vizuri kinakaribia kutosha meli nzima iliyochanganywa vizuri. Kazi ngumu iko kwenye kuchanganya.

Mwanya huo tunauita kiwango cha makosa, na hapo lugha inatuponza tena. Kosa linatafuta mkosaji. Mkengeuko, tunaotumia kwa mtawanyiko wa namba, ni wa aliyeacha njia njema. Upendeleo, tunaotumia sampuli ikiegemea upande mmoja, unanuka rushwa ndogondogo. Ukizisoma ripoti zetu za takwimu kwa sauti, utadhani ni hukumu ya mahakama. Asilimia 2 juu au chini si kosa la mtu. Ni umbali uliobaki kati ya kiganja na gunia.

Umbali huo una neno lake, nalo tunalitamka mara mia kwa siku mlangoni. Takribani na karibu ni watoto wa mzizi mmoja, mzizi wa kusogea. Mtafiti anaposema takribani asilimia 60, hajasema kwamba amekosea. Amesema amesogea hapa, na pengo lililobaki ni hili. Ningeandika kipimo cha ukaribu badala ya kiwango cha makosa, na ningetarajia wasomaji wengi zaidi wakielewe kuliko wanavyokielewa sasa.

Lakini istilahi peke yake haitatuponya na ugonjwa mmoja ulio ndani ya sarufi yetu. Tazama sentensi hii ambayo sote tumeisoma: "Wananchi wamelalamikia kupanda kwa bei ya sukari." Wananchi wangapi? Kiswahili hakina kijineno cha kutenganisha wananchi wale watatu waliokutwa Mtaa wa Kongo na wananchi wote milioni sitini. Kiambishi wa- kinawabeba wote kwa mkono mmoja. Mwandishi anahoji watatu, anaandika wananchi. Msomaji anasoma wananchi, anaona nchi. Hakuna aliyesema uongo, na uongo umepita.

Waliojaribu kuitibu hali hiyo wapo. Mradi wa shirika la Twaweza unaokusanya maoni kwa simu tangu 2013 unaitwa Sauti za Wananchi, na ulianza kwa kuchagua kaya kwa nasibu kote Tanzania Bara, kisha kuwapa wahojiwa simu, ili asiye na simu asipotee kwenye hesabu. Hapo wa- ya wananchi imelipiwa gharama yake. Sisi wengine tusio na simu za kugawa tunaweza angalau kutumia neno la bure: baadhi. Baadhi ya wananchi. Ni neno lisilopendwa na wahariri kwa sababu linapoza kichwa cha habari, na ndilo lenye adabu kuliko yote niliyoyataja.

Limebaki hitimisho, neno lenye harufu ya udi. Kuhitimisha ni kufunga, na ndugu yake ni hitima, kisomo tunachomsomea marehemu. Ukishahitimisha umemaliza, watu wanakula pilau na kutawanyika. Kwa sampuli sivyo. Viganja vitano havilifungi gunia, vinatupa ruhusa ya kulishusha. Kesho ukikuta fukusi chini kabisa, utachoma tena. Ndiyo maana sijapata raha na neno hitimisho kwa kazi hii, wala sina la kuliweka mahali pake. Mfanyabiashara hana haja nalo. Yeye baada ya kutafuna punje husema ama shusheni, ama rudisheni.

Siku ile mzigo ulipokwisha kushushwa nilimwamkia mzee, nikamwomba bambo nilishike. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, mfuo wake umeng'aa kwa miaka ya punje. Nikamuuliza kwa nini aliyeleta mzigo hakuchoma yeye mwenyewe, maana ndiye anayeyajua magunia yake kuliko mtu yeyote.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akasema, akilichukua chuma chake. "Anayajua mno. Mwenye gunia hachomi bambo."